Kabla ya Kuuza Gari: Tuoshe, Tusifiche



Likizo iliyopita mafrateri watatu tulikuwa kwenye utume katika parokia moja iliyopo kati ya Njombe na Makambako. Mwishoni mwa juma la kwanza Baba Paroko alituita uani, akatuonesha gari la zamani la parokia, Toyota Hilux ya milango minne inayotumia dizeli, akasema, "Mafrateri, lisafisheni hili, kisha liuzwe. Fedha yake itaezeka kigango." Kesho yake akasafiri kwenda mkutanoni, akatuachia ufunguo, kadi ya gari na namba ya simu ya dalali wa Makambako.

Tulidhani tumepewa kazi ya mikono tu. Kumbe tulipewa mtihani wa maadili mgumu kuliko ile tuliyoifanya darasani. Tunaandika habari hii kwa sababu parokia nyingi, shule, vyama vya ushirika na hata familia zetu zina gari la namna hii uani, na siku ya kuliuza itafika. Maoni yetu ni haya: kulisafisha gari kabla ya kuliuza ni jambo jema, wala si hila. Lakini anayelisafisha gari ndiye anayelijua, na akishaujua ubovu wake hana tena ruhusa ya kunyamaza.

Gari lililofika mwezini

Mita ilisomeka kilometa 387,214. Umbali wa wastani kutoka duniani hadi mwezini ni kama kilometa 384,400. Kwa hiyo gari letu lilikuwa limeshafika mwezini bila kutoka Nyanda za Juu Kusini. Lilifika huko kwa safari za usiku za kuwapelekea wagonjwa Mpako Mtakatifu, kwa kubeba saruji na mabati, kwa kwaya iliyojazana nyuma, kwa magunia ya mavuno, na mara nyingine kwa jeneza. Barabara kuu ya kutoka Makambako kwenda Njombe na Songea ina lami, lakini vigango vyetu vingi haviko kando ya lami. Viko huko ndani kwenye udongo mwekundu, ambao kiangazi ni vumbi na masika ni utelezi, na majira yote huingia katika kila tundu la bodi.

Hali yake ilisikitisha. Taa za mbele zilikuwa zimepauka na kuwa za njano. Viti vilinuka dizeli na kuku. Juu ya paa kulikuwa na utomvu wa mipaini uliokauka kama gundi. Chini ya kiti cha dereva tulikuta rozari iliyokatika, punje za mahindi, orodha ya mahudhurio ya kwaya, na risiti ya oili ya miaka minne iliyopita. Tulitafuta risiti iliyoifuata, hatukuiona.

Tulitaka kumlaumu dereva, lakini gari hilo lilikuwa na madereva wengi, na kila mmoja alilikuta chafu akaliacha chafu. Aristotle, akimpinga mwalimu wake Plato katika kitabu cha pili cha Siasa, alieleza kwamba kitu cha watu wengi ndicho kinachopata matunzo kidogo zaidi, maana kila mmoja hudhani mwenzake atakiangalia. Somo hilo tulilisoma na kulikariri kwa ajili ya mtihani. Tulilielewa siku tulipolala chali chini ya Hilux tukiwa na brashi mkononi. Na sisi wenyewe tulishapanda gari hilo mara nyingi kabla ya hapo. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulimwagia ndoo moja ya maji.

Ndoo, brashi na msasa

Tulianza ndani kabla ya nje, kwa sababu vumbi la ndani likitolewa mwishoni hurudi kukaa juu ya bodi iliyokwisha kuoshwa. Tulitoa viti na kapeti, tukavisugua kwa sabuni ya unga na maji kidogo, tukavianika juani. Kwa baridi ya Njombe ya mwezi Juni, kapeti haikauki kwa siku moja, na ukiirudisha mbichi itanuka kuliko mwanzo. Injini tuliiosha ikiwa imepoa, huku tumefunika alteneta, chujio la hewa na boksi la fyuzi kwa nailoni. Grisi iliyoganda tuliilainisha kwa brashi iliyochovywa kwenye dizeli, tukasuuza kwa maji ya polepole. Taa zilizopauka tulizisugua kwa msasa laini na maji, kuanzia namba 800, kisha 1500, kisha 2000, tukamalizia kwa polishi. Utomvu ulitoka kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kisha sabuni.

Siku ya nne lilikuwa gari jingine. Mama mmoja wa WAWATA aliyekuwa akielekea kanisani alituuliza kama parokia imenunua gari jipya. Tulifurahi, na hadi leo hatuoni kosa katika furaha hiyo. Matope hufunika ubaya, lakini hufunika na uzuri pia. Gari letu lilikuwa na injini yenye nguvu na bodi ambayo haijawahi kugongwa. Mnunuzi anayeliona limejaa matope hudhani limekufa, na atatoa bei ya gari lililokufa. Haki ya bei inamhusu muuzaji pia, naye asipunjwe. Parokia ilikuwa na haki ya kuonesha kitu chake jinsi kilivyo.

Tatizo ni kwamba maji yaliyofunua uzuri yalifunua na mengine. Chini ya kapeti ya dereva, sakafu ilikuwa imeliwa na kutu, na mtu fulani zamani aliiziba kwa kipande cha debe. Injini iliyokuwa safi jioni, asubuhi ilikuwa na mstari wa oili mbichi pale inapoungana na giaboksi. Na kwenye chesisi, upande wa kulia nyuma, karibu na pale springi zinaposhikwa, kulikuwa na ufa wenye urefu wa kidole. Ulishawahi kuchomelewa, na sasa weldi ilikuwa imeanza kuachia.

Hapa tuungame. Ufa tuliuona saa nne asubuhi. Kufikia jioni ulikuwa chini ya rangi nyeusi. Hakuna kati yetu aliyesema, "Tuufiche." Tulisema tu kwamba chesisi za magari yote yanayouzwa hupakwa rangi, na kopo la rangi tulikuwa nalo. Tumejifunza kwamba dhambi haiji kila mara ikijitaja jina. Mara nyingine huja kama hatua ya mwisho ya kazi nzuri.

Mambo mawili ya dalali

Dalali alikuja kutoka Makambako. Mji huo mnaufahamu: ndipo barabara ya Songea inapoachana na barabara kuu ya kwenda Tunduma, ndipo treni ya TAZARA inaposimama, na biashara hailali. Alilizunguka gari mara mbili, akatusifu, kisha akatoa ushauri wa mambo mawili. La kwanza, tuweke oili nzito ili injini itulie siku ya majaribio. La pili, yupo fundi anayeweza kuirudisha mita hadi kilometa 160,000.

Tulipokataa hakukasirika. Alituhurumia. "Mafrateri," alisema, "kila mtu anaishusha. Mkiiacha hivyo, mnunuzi ataamini imeshashushwa tayari. Atahesabu laki sita."

Neno hilo linafaa kutafakariwa, kwa sababu ni kweli. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani George Akerlof alichapisha makala juu ya soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa utafiti wa aina hiyo. Hoja yake inaeleweka hata kwa asiyesoma uchumi. Muuzaji anajua hali ya gari, mnunuzi hajui. Kwa kuwa mnunuzi hawezi kutofautisha zuri na bovu, hutoa bei ya wasiwasi kwa yote. Mwenye gari zuri anaona bei hiyo haimtoshi, analiondoa sokoni. Yanabaki mabovu, na wasiwasi unaongezeka. Kwa hiyo anayeshusha mita haibi mara moja tu. Anamwibia mnunuzi wake, kisha anamwibia muuzaji mkweli atakayekuja kesho, maana ukweli wa huyo hautaaminiwa.

Sisi wa Njombe tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine, kwa sababu ya viazi. Nani hapa hajui lumbesa? Mnunuzi anakuja shambani, anataka gunia lijazwe mpaka juu, kisha liongezewe kilima na kushonewa wavu, halafu analipa bei ya gunia moja. Tunayo Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na gunia la mazao halipaswi kuzidi kilo 100, lakini wazazi wetu wameuza lumbesa miaka mingi kwa sababu mvua inanyesha na viazi vinaoza. Wamelalamika, na wana haki ya kulalamika. Basi mita ya kilometa nayo ni kipimo. Lumbesa inanenepesha kipimo ili kumwibia muuzaji, na mita iliyoshushwa inakikondesha kipimo ili kumwibia mnunuzi. Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, inakataza kuwa na mawe mawili ya kupimia katika mfuko mmoja, kubwa na dogo. Mkulima anayelia lumbesa Jumatatu hawezi kushusha mita Jumanne akabaki na neno la kusema.

Usiku wa mabishano

Kukataa mita kulikuwa rahisi, kwa sababu huo ulikuwa uongo wa waziwazi. Kazi ilikuwa kwenye ufa. Dalali alisema mnunuzi atafika asubuhi, na usiku ule tulibishana hadi jiko la mkaa likazimika.

Hoja ya kwanza ilisema: mnunuzi anakuja na fundi wake, na kukagua ni kazi ya fundi. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, imejengwa juu ya msimamo wa Kiingereza kwamba mnunuzi ajihadhari, ingawa ina vizuio vyake. Hoja ya pili ilikuwa nzito zaidi: fedha hii si yetu, ni ya waumini wa kigango. Ni rahisi kuwa mtakatifu kwa mabati ya wengine. Hoja ya tatu ilikuwa ya kitoto, lakini ndiyo iliyotuuma: kama tusingeosha, tusingejua.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 77, anauliza kama muuzaji analazimika kusema kasoro ya kitu anachouza. Anatofautisha. Kasoro iliyo wazi, kama farasi mwenye jicho moja, muuzaji halazimiki kuitaja, mradi apunguze bei ipasavyo. Lakini kasoro iliyofichika inayoweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, lazima isemwe. Mifano yake ni farasi kilema anayeuzwa kama mwenye mbio, nyumba inayotaka kuanguka inayouzwa kama imara, na chakula kilichooza. Tulisoma mfano wa nyumba, tukatazamana. Chesisi ndiyo nyumba ya gari.

Kisha anaongeza jambo ambalo wafanyabiashara wetu wangelipenda. Hasemi muuzaji apige mbiu sokoni akitangaza ubovu wa bidhaa yake, maana watu wangekimbia kabla ya kujua uzuri wake. Anasema kila mmoja anayekuja kununua ndiye aambiwe. Tazama busara hiyo. Tangazo lako liseme gari lina injini nzuri, kama ni kweli. Lioshe ling'ae. Lakini mtu akisimama mbele yako akiwa na nia ya kununua, ana haki ya kuujua ufa.

Kwa mwanga huo hoja zetu hazikusimama. Fundi angekagua nini, ikiwa tulishaufunika ufa kwa rangi? Na mali ya Kanisa haina kibali cha pekee. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inahesabu miongoni mwa makosa dhidi ya amri ya saba kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwingine. Hakuna ibara inayosema isipokuwa kama fedha inaezeka kigango. Na hoja ya tatu? Ni kweli, kabla ya kuosha, kama mtu angetuuliza hali ya chesisi, tungejibu, "Hatujui," nasi tungekuwa wakweli. Matope yalikuwa kinga yetu. Tuliyaondoa wenyewe, na ujuzi ukishaingia hautolewi kwa brashi. Alfajiri tuliikwangua rangi kwa brashi ya waya mpaka ufa ukaonekana.

Asubuhi ya mnunuzi

Mnunuzi alikuwa kijana wa rika letu, mkazi wa Makambako, anayesafirisha viazi na maparachichi kutoka vijijini. Alikuja na kaka yake na fundi. Kabla hawajafungua boneti tulimwambia yote manne: mita haijaguswa, sakafu ina kiraka, oili inavuja nyuma ya injini, na chesisi ina ufa, njooni muone.

Kulikuwa na kimya. Kisha kaka yake akacheka. "Mafrateri, kama haya mnayasema, yapi mmeyaficha?"

Wakaondoka. Siku mbili simu haikulia, ila ya dalali, ambaye hakuwa tena na huruma. Siku ya tatu kijana alirudi na mchomeleaji, wakalala chini ya gari kwa muda mrefu, wakatoka na bei ya milioni 13. Tulitarajia 16. Tulimpigia Baba Paroko. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Uzeni. Mabati tutayaona mbele ya safari." Tulimkabidhi kijana kadi, ufunguo na karatasi yenye orodha ya kasoro zote, tukatia saini pande zote mbili. Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa mchomeleaji.

Jumapili tuliwaeleza waumini wa kigango. Mzee mmoja alisimama akauliza, "Huyo kijana anabeba watu?" Tukajibu kwamba siku za mnada anabeba. Akasema, "Basi paa litasubiri," akaketi. Lakini mama mmoja hakuridhika. Alisema Novemba mvua itawanyeshea watoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, na hakuna mnunuzi atakayekuja kuwafunika. Hatukuwa na jibu la kumfuta machozi, na hatutaki kuwadanganya wasomaji kwamba ukweli haukugharimu kitu. Uligharimu milioni tatu, na waliolipa si sisi. Tulichoweza kumwambia ni kwamba bila ukweli huo gharama isingetoweka. Ingehamia tu kwa watu waliokaa juu ya magunia, kwenye mteremko, usiku, bila kujua.

Tunashauri

Kwa parokia, taasisi na familia zenye gari la zamani uani, tunapendekeza mambo manne. Kwanza, lisafisheni kwa bidii, ndani, nje na chini, na kila mnachokigundua mkiandike siku hiyo hiyo, kabla kopo la rangi halijafunguliwa. Pili, mita isiguswe kamwe, hata kama kila mtu anaigusa. Tatu, anayekuja kununua apewe orodha ya kasoro kwa maandishi, na bei iifuate orodha hiyo. Nne, kama mnaogopa orodha itakuwa ndefu, dawa yake haianzi siku ya kuuza. Inaanza leo, kwa gari mnalolitumia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na gari nalo ni hivyo hivyo.

Parokia sasa inatumia gari jingine, nalo si jipya. Kabla ya kuondoka tulinunua daftari, tukaliweka ndani ya dashibodi. Kila anayeendesha anaandika tarehe, kilometa, na alichokisikia kikigonga. Kila Jumamosi jumuiya moja ndogo ndogo inaliosha kwa zamu. Tukirudi likizo ijayo, kabla ya kuuliza habari za paa, tutaomba kuliona daftari.